Siku Ishirini na Moja za Mwatum

Mwatum binti Shaame alikuwa akikaa Ole, kisiwani Pemba, nyumbani kwa mama yake. Mwaka huo wa 1962 mikarafuu ilizaa vizuri. Kila asubuhi Mwatum alianika karafuu juu ya majamvi. Jua likipanda, alizigeuza. Wingu likitanda, alikimbia kuzikusanya, na mtoto wake kamfunga mgongoni kwa kanga. Mtoto huyo jina lake Bimkubwa. Alikuwa na umri wa miezi minne, na baba yake alikuwa hajamwona bado.

Baba yake, Jaribu, alikuwa mtu wa Tanga. Alikuja Pemba kuchuma karafuu, akampenda Mwatum, akamwoa. Baadaye akapata kazi kwao, katika karakana ya reli. Lakini Tanga iko Tanganyika, na wakati ule Zanzibar, pamoja na Pemba yake, na Tanganyika zilikuwa nchi mbili mbalimbali. Mwatum aliambiwa aombe ruhusa kwanza ya kwenda kukaa huko na mumewe. Kabla Jaribu hajaondoka, walikwenda Wete pamoja wakajaza fomu. Wakati huo Mwatum alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Miezi minane ikapita. Jibu halikuja.

Siku moja ililetwa barua. Mwatum aliketi kizingitini akaisoma mwenyewe, neno baada ya neno, maana kusoma alikuwa amejifunza mwaka ule ule katika darasa la akina mama. Jaribu aliandika hivi: "Mke wangu, nimeangukiwa na chuma mguuni. Nimepasuliwa. Sasa sijambo, ila natembea kwa magongo. Nakukumbuka wewe na mwanangu, na sura ya mwanangu siijui."

Mwatum alishindwa kuendelea. Mama yake alitoka jikoni mbio.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Jaribu kaumia, mama. Wazee wake walikwisha kufa, yuko peke yake."

Kaka yake Mwatum, Soud, alikuwa uani akijaza karafuu katika pakacha. Alisogea, akasikiliza habari yote.

"Basi nenda kamtazame," alisema Soud. "Wiki ijayo kuna meli ya Tanga pale Wete. Lakini ukifika afisini usitaje mume. Sema unakwenda kumtazama shangazi. Na lile ombi lako usilifunue kabisa. Wakijua una ombi, watasema huyu akenda harudi tena."

"Na mimi nimesikia vingine," alisema mama yao. "Nimesikia ukisafiri kabla jibu halijaja, ombi lote hufutwa. Bora ukae, mwanangu. Tumwombee Mungu tu."

"Nyinyi mmeyasikia kwa nani?" aliuliza Mwatum.

Soud aliyasikia barazani. Mama aliyasikia harusini. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kwenda kuuliza.

Siku ile Mwatum hakula. Akienda, huenda akakosa kuishi na mumewe maisha. Akikaa, mumewe atauguzwa na nani?

Kesho yake alikuja Bi Masika, jirani yao. Bi Masika alikuwa mkunga katika hospitali ya Wete, na ndiye aliyemzalisha Mwatum. Alimpokea Bimkubwa, akamtazama macho na kitovu, akacheka naye. Kisha akamtazama mama mtu.

"Mtoto mzima. Lakini wewe, bibi, una nini?"

Mwatum akamweleza yote. Bi Masika alisikiliza mpaka mwisho.

"Mume wangu alifanya kazi Mombasa miaka sita," alisema. "Njia hiyo naijua. Sikiliza vizuri. Kuna ruhusa ya kwenda kukaa, na kuna ruhusa ya kwenda kutembea, yaani kumtazama mtu na kurudi. Hizo ni ruhusa mbili. Wewe umeomba ya kukaa. Hiyo waache waishughulikie. Sasa nenda kaombe ya kutembea."

"Hawatanifutia ile ya kwanza?"

"Mimi nilikwenda kutembea mara mbili, na ombi langu lilibaki pale pale. Lakini huo ulikuwa mwaka mwingine na nchi nyingine. Kwa hiyo kaulize afisini, kabla ya kukata tiketi. Na useme kweli. Ombi lako limo katika faili yao, wewe utalifichaje? Ukidanganya jambo moja, hawatakuamini kwa jingine."

"Nichukue nini?"

"Cheti cha ndoa. Ile stakabadhi uliyopewa siku ya kujaza fomu. Barua ya mumeo. Na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Unakumbuka nilivyokusumbua mpaka ukakiandikisha?"

Mwatum alikumbuka. Siku zile alimwona Bi Masika msumbufu kweli.

Jumatatu walitoka mapema, Mwatum, mama yake na mtoto, wakapanda gari mpaka Wete. Afisini walimkuta Bwana Msellem, mwanamume mwembamba mwenye miwani. Waliamkiana. Kisha akauliza:

"Unakwenda Tanga kwa nani?"

Maneno ya Soud yalimjia Mwatum mdomoni. Shangazi. Neno moja tu, na jambo lingekwisha.

"Kwa mume wangu," alisema. "Kaumia mguu. Na nimeomba ruhusa ya kwenda kukaa naye, bado sijajibiwa. Sasa siendi kuhamia. Nakwenda kumtazama, nirudi ningoje."

Alitandaza karatasi zake mezani. Bwana Msellem alizisoma moja moja. Aliingia chumba cha ndani, akatoka na faili. Alipekua, akasimama, akamtazama Bimkubwa.

"Huyu mtoto ni wako?"

"Ni wangu, bwana."

"Humu hayumo."

Mwatum alisogea mezani. "Hayumo vipi?"

"Fomu mlijaza kabla hajazaliwa. Mmeandika mke peke yake. Jibu likija, litakuja kwa mtu mmoja. Ungefika bandarini na mtoto asiye na ruhusa. Pengine ungerudishwa, mkaanza upya."

Mama yake Mwatum alishika kichwa. "Yaa Rabi! Na sisi tulikuwa tunangoja tu!"

"Mmefanya vyema kuja," alisema Bwana Msellem. "Cheti chake mnacho. Nitamwandikisha leo hii, na tutapeleka karatasi Tanga. Ombi lako litabaki kama lilivyo. Ya kutembea nitawaandikia wewe na mtoto siku ishirini na moja. Tiketi kata ya kwenda na kurudi. Na siku zisikupite. Ukiugua, au meli ikikosekana, nenda afisi ya huko ukawaambie kabla siku hazijakwisha."

Mwatum alitoka nje akiwa amekibana cheti cha ruhusa kifuani. Alicheka na kulia pamoja.

Jaribu, aliyekwisha kuandikiwa barua, alikuja kuwapokea bandarini Tanga, magongo kwapani. Alikuwa amekonda. Mwatum alimfungua mtoto mgongoni. Jaribu hakuweza kumpakata na huku kashika magongo. Akayaacha yaanguke, akaegemea ukuta, akanyoosha mikono.

"Kumbe ndiye wewe," alimwambia mtoto. "Kumbe ndiye wewe."

Siku zile Mwatum alimpikia mumewe samaki wa nazi na muhogo. Alimkanda mguu kwa maji ya moto kama alivyoagiza daktari. Wiki ya pili Jaribu aliacha gongo moja. Wiki ya tatu alikuwa akitembea na fimbo, na Bimkubwa alikuwa ameijua sauti yake.

Zilipobaki siku mbili, Jaribu alisema:

"Mke wangu, usiende. Mji huu mkubwa. Nani atajua kuwa upo hapa?"

Nafsi ya Mwatum ilitaka hasa kubaki.

"Nitajua mimi," alimjibu. "Na wewe utajua. Mlango ukigongwa tutashtuka. Mtoto akiugua tutaogopa kumpeleka hospitali. Mimi sikuja kukaa nawe kwa kujificha, Jaribu. Niache nirudi, nije kwa haki."

Jaribu aliinama. "Umesema kweli," alisema. "Ni uchungu tu huu unaonisemesha."

Siku ya ishirini Mwatum alipanda meli. Alilia mpaka Tanga ikapotea machoni. Kesho yake alifika Wete, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Msellem kuonyesha kuwa amerudi. Bwana Msellem aligonga mhuri, akaandika tarehe.

Wakangoja tena. Mwezi mmoja. Wa pili. Mara hii Mwatum aliweza kungoja, kwa sababu alijua anangoja nini. Kila mwezi alipita afisini kuuliza. Katika mwezi wa tatu Bwana Msellem alimwona tangu mlangoni, akasimama.

"Bi Mwatum, tayari! Wewe na mwanao. Majina yote mawili haya hapa."

Mwatum aliisoma karatasi ile mwenyewe, kidole juu ya kila neno. Mwatum binti Shaame. Bimkubwa binti Jaribu. Alimshukuru Mungu, akamshukuru Bwana Msellem, akatoka mpaka hospitali kumtafuta Bi Masika. Alimkuta akiosha mikono.

"Bi Masika, Mungu akulipe," alisema.

"Amin, mwanangu. Soud anasemaje?"

"Soud anataka umwelekeze yeye. Anataka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi."

Bi Masika alicheka. "Mwambie aanzie afisini."

Baada ya wiki mbili Mwatum na Bimkubwa walikuwa Tanga. Walipanga chumba kimoja karibu na karakana. Siku ya kwanza Mwatum alifagia, akatandika mkeka, akapika wali. Saa sita king'ora cha karakana kililia. Mafundi wengine walikwenda kununua chakula mitaani, kama Jaribu alivyozoea kufanya mwaka mzima. Siku ile Jaribu alirudi kula nyumbani kwake.