Upande Usio na Picha

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya vilima vya Lushebere pale Laetitia alipokumbuka kwamba maboksi ya picha za kuunga ya watoto wa kambi yamebaki bandani, chini ya turubai lenye tundu. Mvua ilikuwa inakuja; harufu yake ilishafika. Katoni na maji havipatani. Akajitupia kitenge mabegani, akasema anarudi sasa hivi, akashuka.

Hakuaga vizuri. Alikuwa ametoka kugombana na baba yake.

Ugomvi ulikuwa uleule. Mdogo wake, Mamy, alipotea siku walipokimbia Kibabi, kwenye daraja la miti ambapo watu, mbuzi na magodoro vilipita kwa pamoja. Laetitia alikuwa amemshika mkono. Umati ukawatenganisha, wengine wakielekea Walikale. Tangu hapo maharagwe yalivunwa, yakapandwa tena, na hakuna aliyemwona mtoto yule, si mzima, si maiti. Mama yao alikufa akitazama barabara.

Kwa watu wao, mtu asiye na maiti huzikwa kwa shina la mgomba. Hukatwa lenye kimo chake, hupewa jina lake, huvikwa nguo yake, na yule aliyemshika mkono mara ya mwisho ndiye hulilaza kaburini na kusema, "Lala." Hapo marehemu hupata mahali pa kulala, na walio hai hupata mahali pa kulilia. Papa Barthélemy, baba yao, hakukosa kanisani Jumapili hata moja, lakini katika jambo hili hakuona ugomvi wowote kati ya msalaba na mgomba. Alhamisi alikata shina, akaliita kwa jina la mtoto wake, akalibeba begani mpaka kambini, akalilaza nyuma ya kibanda na kulifunika gunia. Alidhani binti yake akiliona, moyo utalegea.

Haukulegea. Maana desturi hiyo ina upande wa pili, na kila mtu anaujua: ukimzikia mgomba mtu aliye hai, kaburi halijui kwamba umekosea.

"Papa," Laetitia alikuwa amesema jioni ile ya Ijumaa, "ukizika mugomba, na Mamy iko anapumua kule Walikale, ni nani atakuwa amemuua?"

Baba yake alijibu taratibu kwamba mtu anayengoja halimi, hali, halali, na kwamba yeye ameshamzika mwanamke mmoja kwa ajili ya kungoja. Shangazi Sidonie, aliyekuwa akichambua maharagwe pembeni, alitupa neno lake bila kuinua kichwa: universite imemfundisha Laetitia kubishana hata na kaburi. Ndipo Laetitia alipokumbuka maboksi.

Aliyatengeneza mwenyewe, likizo moja, alipokuwa bado anasoma Goma. Nyumbani Kibabi kulikuwa na kitabu cha hadithi za wanyama, kilichopoteza jalada zamani hata jina lake likasahaulika, lakini hakuna mtoto wa kilima kile ambaye hakuzijua picha zake. Fisi akipiga ngoma kwenye arusi yake mwenyewe. Mama Sungura akilaza watoto wake chini ya blanketi moja, taa imening'inia juu yao. Kurasa zilipoanza kuchanika, Laetitia alizibandika kwa uji mzito wa muhogo, Sungura juu ya katoni ya sabuni, Fisi juu ya katoni ya biskuti, kisha akazikata kwa wembe mpya vipande vipande, mistari ikipinda kama mto Loashi, ili watoto waziunge upya. Alikuwa mtu wa kupima. Hakuna kipande kilichokaa vibaya. Ila alitumia mfano mmoja kukatia picha zote mbili, na alipomaliza ndipo alipoona kwamba kipande cha Fisi kinaingia barabara mahali pa kipande cha Sungura.

Yeye alitaka kulia. Mamy alicheka mpaka akaketi chini.

Kisha mtoto yule akavichanganya vipande vyote, akavigeuza kifudifudi, upande usio na picha, na kuanza kuviunga kwa vidole. "Picha inanisumbua, yaya," alimwambia dada yake. Katoni ya sabuni ilikuwa na mikwaruzo, ya biskuti ilikuwa laini, na vidole vyake vilijua. Jirani walikuja kutazama. Hata Papa Barthélemy aliacha jembe mlangoni. Mamy akimaliza alifunika kazi yake kwa sinia, akawatazama wote kama mchungaji anayetaka kubatiza, akasema, "Tugeuze." Wakageuza. Na kila mara Sungura alitoka Sungura, na Fisi akatoka Fisi. Hakukosea hata mara moja. Nyumba nzima ilipiga makofi, na mama yao, aliyekuwa hai, alipiga kuliko wote.

Sasa watoto wa kambi ndio walioviunga, upande wenye picha, wakigombania pua ya Fisi na kumwita anayeshindwa "bwana arusi." Laetitia alikaa nao kila siku, akarekebisha, akacheka inapobidi. Na kila siku macho yake yalizunguka juu ya vichwa vile, yakitafuta kimoja.

Karibu na banda akasimama.

Tak...

Tak...

Katoni ikiingia ndani ya katoni. Sauti ile hakuhitaji kuambiwa ni ya nini. Lakini watoto wote walikuwa wameshaitwa kula.

Ndani, mwanga ulikuwa bado wa kijivu. Mtoto wa kike alikuwa amechuchumaa juu ya mkeka, mgongo mlangoni, shingo imeinama kidogo upande wa kushoto. Harufu ikamfikia Laetitia. Haikuwa ya moshi, wala ya mvua. Ilikuwa harufu ya utomvu mbichi, mkali, wa kitu kilichokatwa.

Vipande vyote vilikuwa kifudifudi.

"Yaya," mtoto alinong'ona bila kugeuka. "Ulikawia."

Laetitia akashika nguzo ya banda. Tak, vikasema vidole vile. Tak.

"Niko nachoka, yaya. Nilale wapi?"

"Kuya hapa," Laetitia akasema. "Kuya nikuone."

"Kila fasi nafika, nakuta muntu alishalala. Banasema kila muntu na fasi yake." Shingo ikainama zaidi. "Yangu iko wapi?"

Laetitia akapiga magoti nyuma yake. Akanyoosha mkono, akaushika ule mkono mdogo juu ya kifundo. Ulikuwa baridi. Ukabonyea. Maji yakachuruzika chini ya kidole gumba chake, na ngozi ikateleza... safu juu ya safu, kama yenye ngozi nyingine chini yake, na nyingine tena.

Akauachia. Akajiambia ni mvua.

"Tugeuze," mtoto akasema.

Sinia lilikuwepo. Laetitia alifunika, akageuza, akawasha tochi ya simu yake.

Mama Sungura alikuwa na mdomo wa Fisi. Blanketi lilikuwa na meno. Mtoto wa Sungura aliyelala pembeni hakuwa na uso. Mahali pa uso palikuwa na ngoma. Kila kipande kilikaa barabara, bila ufa, bila pengo, na picha yote ilikuwa uongo.

Mamy hakukosea hata mara moja. Wazo hilo lilipita mbele ya Laetitia, akaliona vizuri, akaliacha lipite. Wafu husahau, alijiambia. Vidole vya wafu vimepoa, vitaijuaje katoni? Mtu aliyengoja muda mrefu kiasi kile hukubali jibu lolote linalomwita yaya.

Alipoinua tochi, mkeka ulikuwa mtupu. Ulikuwa umelowa. Mvua ilikuwa bado haijaanza.

Alipanda mpaka nyumbani bila maboksi. Baba yake alikuwa kizingitini.

"Papa," akasema, "tuzike."

Jumamosi asubuhi walilizika, kwenye mteremko juu ya kambi, mahali ambapo simu hupata mtandao mzuri zaidi. Mchungaji aliomba. Laetitia alishuka shimoni, akapokea lile shina likiwa ndani ya gauni la Mamy, akashangaa lilivyokuwa zito, akalilaza kwa ubavu, kama Mamy alivyopenda kulala.

"Lala, Mamy," akasema. "Lala, mudogo yangu. Fasi yako njo hii."

Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu darajani, kwa sauti ya mtu anayetapika. Usiku ule alilala kama jiwe. Jumapili alikula. Papa Barthélemy alimtazama akila, akageuza uso ili asionekane anavyofuta macho.

Jumatatu simu ikalia.

Mpigaji alijitambulisha kwa jina la Edmond, mkulima na mwindaji wa Walikale. Namba aliipata kwa watu wa parokia, walioitoa mkono kwa mkono. Alikuwa mtu wa kueleza mambo kwa utaratibu. Msimu uliopita, akikagua mitego yake, alimkuta mtoto wa kike msituni, mgonjwa, hasemi. Mke wake alimlea. Wiki iliyopita ulimi ulifunguka. Alisema anaitwa Mamy, mtoto wa Papa Barthélemy wa Kibabi, na kwamba yaya yake anasoma Goma. Walikuwa wameshamsuka nywele ili wamlete.

Laetitia akaibana simu sikioni.

"Iko muzima?" akauliza.

Edmond akashusha sauti.

"Samedi, juzi asubui, alikuwa anakula muhogo na batoto yangu," akasema. "Akaweka kipande chini polepole. Akasema, 'Yaya anasema nilale.' Akalala, mama. Mupaka sasa. Anapumua, lakini haamuke."

Papa Barthélemy aliyekuwa amesimama karibu alisikia yote. Aliingia ndani, akatoka na jembe, akaanza kupanda mteremko akikimbia, mzee yule, mguu mmoja hauna kiatu.

Shangazi Sidonie ndiye aliyeuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, bila ile kejeli yake, shina lilikatwa siku gani.

Alhamisi.

Na likazikwa Jumamosi?

Jumamosi.

Ungo wa maharagwe ukamponyoka mkononi. Akasema kwamba shina la kuzikia halilali nje. Hukatwa asubuhi na kuzikwa kabla jua halijatua, siku hiyohiyo, wazee wote wanajua. Likishapewa jina na kuachwa juu ya ardhi, huamka kutafuta mahali pake. Hujifunza kutembea. Hujifunza sauti za nyumba. Yeye alidhani limekatwa Jumamosi ileile. Hakuna aliyemwonyesha lile gunia nyuma ya kibanda. Laetitia akamsimulia yaliyotokea bandani.

"Haikuwa Mamy alikuya kukuomba fasi ya kulala, ilikuwa ule mugomba," akanong'ona. "Na wewe ukaipatia fasi ya mutoto."

Laetitia akamuuliza kuna dawa gani. Shangazi akasema hajui. Hakuwahi kuona mtu akikosea hivi mpaka mwisho. Labda kinywa kilichosema lala ndicho kinachoweza kusema amuka. Labda. Akakwepa macho yake alipotamka neno hilo.

Walipofika juu, Papa Barthélemy alikuwa shimoni mpaka magotini, akichimba na kulia, akisema peke yake kwamba alijua, alijua, alitaka tu binti yake alione. Laetitia aligeuka asimtazame. Akalipa kaburi mgongo, akaielekea Walikale, kule mawingu yalikolala juu ya misitu, akampigia Edmond, akamwomba aweke simu kwenye sikio la mtoto.

Kukawa na msuguano wa nguo. Kuku wakalia mbali. Kisha zikaja pumzi.

Polepole... zikiingia, zikitoka, na mluzi mdogo mwishoni, mluzi uleule aliolala nao kitanda kimoja miaka yote ya Kibabi. Hakuwa na shaka tena. Alikuwa hai. Alikuwa hai wakati wote.

"Mamy," akasema. "Ni mi yaya. Nilikosa. Usilale tena. Amuka."

Pumzi ziliendelea.

"Mamy. Unanisikia? Amuka, mudogo yangu. Amuka tuende nyumbani."

Ndani ya simu, pumzi zikasimama, kama za mtu anayetega sikio.

Nyuma yake, jembe la baba yake likaacha kuchimba.

"Nimeamuka, yaya," ikasema sauti ya mtoto.

Haikutoka ndani ya simu.