Mlango wa Kushoto wa Pijo

Mlango wa kushoto ulikuwa umebonyea tena. Jana yake jioni Justus aliuacha umenyooka. Alipitisha kiganja juu yake mara tatu amefumba macho, maana kwenye bodi ya gari kiganja huona kuliko jicho, na hakikukwama popote. Asubuhi hii pale katikati palikuwa na shimo pana, kama vile mtu amechoka akaja kuegemea hapo kwa bega. Alisonya, akafungua kopo la puti ya kuzibia mabonde, akaanza upya.

Nisikufiche, kuandaa gari kuukuu kwa ajili ya rangi ni kazi ya kumchosha punda. Watu wakiona gari linang'aa husema fundi ana mkono. Msasa hawaujui hao. Unakwangua rangi ya zamani mpaka chuma kionekane, unagonga palipobonyea, unapaka puti, unasubiri ikauke, unasugua. Pakibaki kilima unasugua tena, pakitokea bonde unapaka tena. Vumbi linaingia puani, linaingia hadi kwenye ugali. Na Justus hata fundi hakuwa. Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Ntalikwa, kazi aliijua kwa kuwaulizauliza mafundi wa Tabora mjini. Akitoka kufundisha anavua shati, anainama uani.

Sababu yake ilikuwa moja tu, mkewe Leonia. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za mwanzo zilitoka, na ya pili ilitoka juu ya pikipiki, wakikimbilia hospitali kwenye barabara iliyochimbwa na mvua, Justus amemshika kiuno na hana la kufanya. Tangu siku hiyo aliapa kuwa mkewe hatapelekwa kujifungua kwa pikipiki. Mjomba wake alipofariki kule Igalula akamwachia Pijo 504 iliyolala nyuma ya ghala miaka kumi na moja, Justus aliona amejibiwa. Injini ilipona upesi. Bodi ndiyo iliyokuwa imeliwa na kutu, na masika yalikuwa yanakuja.

Sasa, mafundi walimfundisha kitu kimoja wakakisisitiza sana: puti juu ya puti haikai. Ukikuta ya zamani, chokoa yote. Basi kwenye mlango wa kushoto alikuta puti nene kama mkate, akaichokoa kwa tindo kama alivyoelekezwa. Ndani yake mkatoka kamba ya gome la mti, imepigwa mafundo saba na kuviringishiwa kitambaa chekundu. Mtu mwingine yeyote wa Tabora angeweka tindo chini. Justus alicheka. Alisema fundi gani mvivu huyu, anajazia matambara, akavitupa kwenye shimo la taka na kuvichoma pamoja na makaratasi ya msasa.

Ingekuwa ni mlango kubonyea tu, wangevumilia. Lakini ilianza harufu, kila saa saba mchana, jua likiwa utosini. Ilikuwa harufu ya jasho la watu wengi na magome mabichi, ikikaa karibu na gari na kuondoka. Kisha zikaja njuga. Justus akisimamisha msasa, anasikia njuga zinapiga hatua, taratibu, za mtu mwenye kuchechemea. Akianza kusugua, haziko.

Halafu Leonia akaanza kuamka amechoka. Mwanzoni walisema ni mimba. Lakini mimba haimpaki mtu vumbi miguuni hadi kwenye vifundo, naye amelala ameoga, na mlango umekomewa kwa ndani. Na kila alfajiri vumbi lilikuwa limepanda zaidi na nyayo zimepasuka zaidi, na kwenye bega lake la kulia paliota alama nyeusi, ngumu, kama sugu ya mtu aliyebeba magunia tangu ujana wake, na alipokaa alikaa ameinama upande, na alipotembea kwenda chooni alipumzika mara mbili njiani, na tumbo lilizidi kushuka, mpaka mtoto aliyekuwa akicheza tangu asubuhi akawa anacheza mara moja kwa siku, kisha siku nyingine hachezi kabisa.

Kliniki walimwambia apumzike. Apumzike vipi tena, na kitandani ndiko anakochokea? Mchungaji wao wa Moravian akaja kuomba siku tatu. Siku ya nne damu ikaonekana kidogo kwenye kanga. Justus aliiona, akakaa chini uani karibu na makopo yake na kulia. Liwalo na liwe, akasema, na mchana huohuo akaenda mjini kwa Bi Najiat, muuza udi na marashi sokoni, ambaye watu humwendea kwa mambo ya majini bila kutajana.

Bi Najiat alikuja akihema, mwanamke mnene, macho yamechoka kama ya muuguzi wa zamu. Hakuchoma kitu. Aliugusa mlango wa gari, akanusa kiganja, akauliza ndani mlikuwa na nini. Justus akamwambia. Akaguna tu, akaenda kukaa kwenye mkeka pembeni ya Leonia, akashusha sauti.

"Mwanangu, siku ile mumeo alipochoma vile vitu, nani alipita hapa?"

Leonia alisema kwa aibu kwamba alikuwa barazani anachambua mchele, mumewe kaingia ndani kunywa maji. Akaona mwanamume mzee amesimama kando ya gari na mzigo mrefu begani, umefungwa kwa kamba ya gome. Hakusalimia. Alikuwa anahema tu.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia pole, baba."

"Pole haina neno. Kingine?"

"Nikamwambia, lete nikupokee." Machozi yakamtoka. "Ndivyo tulivyolelewa, bibi. Kufumba na kufumbua, hayupo."

Bi Najiat alijifuta uso kwa mtandio. Aliwaeleza kwa sauti ya chini kwamba huyo ni jini wa njia, aliyefuatana na wapagazi tangu enzi za misafara ya pwani mpaka naye akabebeshwa. Mtu fulani alimfungia kwenye ule mlango, mwalimu akamfungulia. Lakini hakumkamata mtu. Amepokewa kwa ulimi, kwa adabu.

"Kumfukuza siwezi, nisikudanganye," alimwambia Justus. "Mzigo wa njia hautuliwi chini. Unapokelewa. Na aliyekwisha kupokewa haupokei tena, hata akiomba."

Justus alipiga magoti kwenye mkeka.

"Leonia, lete nikupokee."

Leonia akavuta pumzi ndefu. Akashika tumbo kwa mikono miwili, akaanza kucheka na kulia, maana mtoto alikuwa amepiga teke. Na Justus, akijaribu kuinuka, alilazimika kushika ukuta.

Walimpata Flavia mwezi wa nne, mzima, kilo tatu na ushei. Pijo iliwafikisha hospitali mvua ikinyesha, ina praima ya chini tu, haina rangi. Miaka mitatu Justus alitembea bega limeshuka, kila alfajiri anakung'uta vumbi miguuni, na hakujuta hata siku moja. Aliogopa jambo moja tu. Unajua watoto wa kwetu wanavyofunzwa: mzazi akitokea, kimbia ukampokee alichobeba. Flavia alikatazwa. Baba akirudi, mama alimwita chumbani na kumshikilia mpaka baba akae. Majirani walisema mwalimu analea mtoto asiye na adabu. Walisema sana, na wazazi walinyamaza, maana Wamoravian waliokwenda kwa mganga watajieleza vipi?

Hata mama yake Leonia, Bibi Consolatha wa Puge, hawakumwambia. Alipokuja kukaa mwezi mzima aliambiwa tu kwamba Justus hapendi kupokewa. Aliona ni maringo. Alisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na yeye angali hai hawezi kuuachia ulimwengu mjukuu wake. Akamfunza kimyakimya, wakiwa wawili.

Jumanne moja Leonia alikuwa kisimani. Justus alitokea uani na mkoba wa madaftari, saa saba na nusu hivi. Flavia akachomoka barazani mbio, akapiga goti, mikono miwili mbele, na maneno yalishamtoka kabla baba yake hajafungua kinywa.

"Shikamoo, baba. Lete nikupokee."

Bibi alipiga makofi kwa furaha. Mgongo wa Justus ulinyooka wenyewe, taratibu, naye hakutaka unyooke. Alijitupa chini mbele ya mwanawe, akamshika mikono, akawa anarudia kwa kunong'ona, nipe mimi, lete nikupokee, mwanangu, lete, na bibi akashangaa mkwewe amepatwa na nini.

Mtoto alimtazama, kichwa kimelala upande wa kulia.

"Baba," alisema, "nimechoka."