Baiskeli Iliyokwenda Kinyumenyume

Mikono miwili iliishika skuta moja kwa wakati mmoja, katikati ya soko la vyuma chakavu la Wagadugu, nyundo zikilia kila upande. Usukani ulishikwa na Bibata Nikiema, binti mwenye kitenge cha manjano na macho yasiyotulia. Gurudumu lilishikwa na fundi pikipiki mrefu, ovaroli yake imekunywa oili kuliko injini.

"Achia, kaka. Nimeiona kwanza."

"Umeiona kwanza, mimi nimeipenda kwanza. Unaitwa nani, mwenye kucha?"

"Nikiema."

Fundi akaangua kicheko. "Mmosi! Basi kesi imekwisha. Mimi ni Toe, Msamo. Tangu lini mtumwa akagombana na bwana wake sokoni?"

"Msamo? Ndiyo maana nasikia harufu ya kichwa cha mbwa mlichokula!"

Muuza vyuma akajikalia zake juu ya tairi kuukuu. Mmosi na Msamo, makabila ya watani wa jadi ambao kila mmoja humwita mwenzake mtumwa, wakianza utani wao, mwenye haraka aende kwingine.

"Haya, Mmosi, skuta ya umeme iliyovunjika shingo ya nini kwako?"

"Nauza mtindi wa mawele. Nikifika mtaa wa pili kwa kupiga pedali, jua limeshauchachusha. Nataka baiskeli yangu ijiendeshe."

Evarist Toe akaigonga skuta, akaitegea sikio kama daktari. "Mota nzima, betri nzima. Nitakuundia. Ila mtumwa wangu atanishikia spana."

"Utashikiwa spana na bwana wako, mjinga wewe."

Wakaanza kazi uani kwa Shangazi Poko, alikokaa Bibata, kati ya mitungi ya dolo, pombe ya mtama, na wanywaji wake. Toe alilikata lile gurudumu dogo lenye mota, akalifunga chini ya kiti cha baiskeli likilikandamiza tairi la nyuma, ili likizunguka lilizungushe na tairi. Bibata hakuweza kukaa. Alizunguka, akauliza, akashika waya asizoambiwa ashike.

"We mwanamke, una siafu kwenye sketi?"

"Nina wateja, Msamo! Kaza!"

Siku ya kujaribu, Bibata alipanda, akabonyeza kitufe cha mwendo. Baiskeli ikaruka kinyumenyume, pedali zikamchapa miundi, ikaenda kuupasua ubavu mtungi wa dolo. Wanywaji wakainua miguu juu, pombe ikapita chini.

"Toe! Umeniundia punda mkaidi!"

Toe alikuwa chini, anacheka huku ameshika tumbo. "Nimesahau, jamani! Gurudumu likilisukuma gurudumu mwenzake, kila moja linazunguka upande wake. Nibadilishe waya mbili tu."

Akazibadilisha jioni ileile. Alipomaliza hakuinuka. Alibaki amechuchumaa kando ya baiskeli, spana mkononi.

"Bibata," akasema taratibu, "karakana moja ya mji wa Bobo, mbali na hapa, imeniita kazini. Kabla sijawajibu, nataka nimtume Baba Mkubwa wangu na kokwa za kola za posa kwa baba yako."

Wanywaji wote walikuwa wametega masikio. Bibata akashika kiuno. "Hee! Siku hizi watumwa wanaposa? Mwambie Baba Mkubwa wako alete na kichwa cha mbwa, ndiyo mahari yangu!"

Ua mzima ukalipuka. Toe naye akacheka, kwani mtani hana ruhusa ya kukasirika. Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, akaaga.

Asubuhi baiskeli ikaenda mbele, tena kwa kasi ya mwizi. Mtindi ukafika mtaa wa tatu ungali baridi. Bibata akapiga simu akihema kwa furaha.

"We Msamo! Punda wako ametii!"

"Nimefurahi, dada Bibata. Mungu aibariki biashara yako."

"Dada? Unaumwa?"

"Mimi mzima, dada. Nafunga mzigo. Basi la Bobo ni kesho."

Simu ikakatika. Bibata akaosha vibuyu, akaviosha tena vilivyokwisha takata. Akaketi, akasimama. Mtani aliyeanza kukuheshimu! Heshima ile ilimuuma kuliko tusi lolote.

"Shangazi, jana aliponiambia habari ya kola, alinitukana?"

Shangazi Poko akaacha kukoroga. "Hapana. Alikuita kwa jina lako."

"Hajawahi kuniita kwa jina langu."

"Nami nikacheka kuliko wote, mjinga mimi. Sasa umesimama hapo unangoja nini, mvua?"

Bibata akavaa vazi lake la Faso danfani, kitambaa cha kufumwa kwa mkono, lenye milia ya bluu na nyeupe. Akanunua kola, akazifunga kwenye leso, akabonyeza kitufe.

Kwa Baba Mkubwa, alikokaa Toe, wanaume walikuwa wanakunywa chai. Begi la Toe lilikuwa mlangoni, limeshafungwa kamba. Alipomwona Bibata, akajikaza.

"Mmosi, umefuata makombo ya mbwa?"

Bibata akashuka. Akaiegemeza baiskeli ukutani.

Baba Mkubwa akadakia, "Mtumwa wetu kaleta baiskeli aliyotuibia!"

Bibata akapiga magoti, akanyoosha leso kwa mikono miwili. Wanywa chai wakashusha vikombe. Mmosi atukanwe na Wasamo wawili, asirudishe hata nusu tusi?

"Binti, umeumwa na nini?" Mzee aliuliza, sauti imeshuka.

"Leo sikuja kwa utani, baba. Hizi ni kola. Jana niliulizwa jambo la kweli nikajibu mzaha."

"Lakini kola huletwa na upande wa mwanamume."

"Najua. Ila mtani huruhusiwa kuvunja miiko ya mtani wake. Nimeitumia ruhusa hiyo leo, baba. Nisipoitumia leo, basi linaondoka."

Mzee akamtazama Toe, mtoto wa mdogo wake. Akaipasua kola moja, nusu akaitia kinywani, nusu akampa Toe. "Ni chungu. Ndiyo kola ya kweli, nimeipokea. Kwa babake nitakwenda Ijumaa."

Toe akatafuna. Akaisogelea baiskeli, akainama. "Nani kakaza hii skrubu?"

"Mimi."

"Imekaa upogo. Kama pua ya Mmosi."

Ua ukalipuka. Bibata akaigeuza baiskeli. "Panda nyuma, mla mbwa, nikupeleke kwa Shangazi!"

Toe akapanda. Mota ikalia, ikagoma. Haikuundwa kwa ajili ya wawili. Akashuka, akashika kiti kwa nyuma.

"Na Bobo?" Bibata aliuliza bila kugeuka.

"Nitawaambia nimeshapata kazi ya kusukuma."

"Basi sukuma, mtumwa!"

"Nasukuma, mpenzi. Bonyeza na wewe, mvivu mkubwa!"