Kufuli la Nje

Ndugu zangu mnaokaa kwenye nyumba za kupanga, nanyi mnaojiona mmekwisha kuziaga, sogeeni. Habari hii ni ya chumba kimoja, lakini moshi wake umefika kwetu sote.

Asubuhi ile ua ulikuwa shwari. Nguo zilikuwa kambani, maji yalikuwa yakichuruzika kwenye ndoo, na ndani ya chumba cha tatu cherehani ilikuwa ikiimba. Mwenye cherehani aliitwa Sindano na mtaa mzima, kwa sababu mbili: alishona sare za shule zikamkaa mtoto kama ngozi, na ulimi wake ulichoma. Mezani kwake alikaa binti yake wa miaka sita, Kifungo, akihesabu vifungo kwa sauti, akikosea, akianza upya.

Mara kule getini viatu vikalia. Kwi, kwi, kwi.

Kifungo akanyamaza katikati ya hesabu. "Mama. Kiatu huyo."

"Mchezo," Sindano akanong'ona, na mguu wake ukatoka kwenye pedali.

Mtoto akateleza chini ya meza ya kukatia, akajichimbia kati ya magunia ya vipande vya vitambaa, akaziba mdomo kwa viganja viwili. Mlango ukagongwa.

"Hodi hapa. Mama Kifungo, cherehani nimeisikia toka getini. Sikuja kugombana."

Ndani kimya. Huyo mgongaji alikuwa afisa wa chama cha mikopo, na watoto wa uani walimpa jina la Kiatu kwa ule mlio. Alisimama, akaguna, akaondoka na mlio wake. Sindano akasubiri ufifie kabisa ndipo akainama chini ya meza.

"Mchezo umekwisha."

Kifungo akatoka anacheka. "Nimeshinda tena!"

Sheria za mchezo alizitunga mama mwenyewe. Mlango ukigongwa, hakuna kukohoa, hakuna kuitika, hata ukiitwa jina lako. Hakuna kutoka mpaka Mama atamke, "Mchezo umekwisha." Kifungo hakuwa ameshindwa hata mara moja. Mtoto wa miaka sita asiyeshindwa kunyamaza! Wewe unayesoma, hilo halikutishi?

Sasa mtauliza, deni hili lilitoka wapi.

Mume wa Sindano alikuwa fundi wa majokofu, watu wakimwita Baridi. Walipokuwa wanapendana walikopa pamoja pikipiki ya kubebea vifaa vyake, wakatia sahihi wote wawili, na cherehani mbili za mama zikaandikwa kuwa dhamana. Mapenzi yalipokwisha, ukoo ulikaa. Mjomba mkubwa, mtu wa sauti nzito, akakata shauri: "Kila mtu aondoke na alichoshika, na deni lake limfuate." Baridi akaondoka na pikipiki. Sindano akabaki na cherehani na mtoto. Wote wakaitikia, soda zikanyweka, watu wakapeana mikono. Kilikuwa kikao kizuri. Aliyekosekana ni mmoja tu: mwenye pesa.

Kwa hiyo Kiatu alipokuja mara ya kwanza, kwa adabu zote, Sindano alimjibu akiwa na pini mdomoni.

"Umepotea njia, mwanangu. Pikipiki imeondoka na mwenyewe. Mfuate huko."

"Mama, sahihi ziko mbili. Mmoja asipolipa, tunamdai aliyepo."

"Wazee walishagawa."

"Wazee waligawa vyombo. Deni halikuwa lao kuligawa."

Alimfungia mlango. Jioni mdogo wake, aliyekuwa akija kumsaidia kutia vifungo, akasema, "Dada, si umpigie simu Baridi mkaongee?"

"Alipotoka hapa sikumwita. Leo nimwite kwa ajili ya pikipiki?"

"Humwiti arudi. Unamwita alipe."

"Nyamaza utie vifungo."

Kiburi, ndugu zangu, ni nguo inayopendeza mbele ya watu, ila haizuii baridi. Na Baridi mwenyewe huko alikokuwa alijisemea vilevile: dhamana ni cherehani zake, zitamuuma, atalipa. Basi kila mmoja akamtegea mwenzake, na riba ikanenepa kati yao kama kupe.

Sindano alipoona mambo yanakaza hakwenda kwa mdai wala kwa mtalaka. Alichukua vitambaa kwa mkopo kwa mfanyabiashara wa sokoni. Akapokea fedha za awali za sare za shule nzima, akazitumia kulipa vitambaa vya zamani. Alikuwa akiziba tundu kwa udongo wa shimo jingine. Mwezi haukuisha, mlangoni wakaanza kupishana: Kiatu, mwenye vitambaa, mwalimu wa sare. Kila mmoja na namna yake ya kugonga, na Kifungo alizijua zote.

Zamani Sindano alipotoka alikuwa akimwacha mtoto kwa jirani wa chumba cha pili, mama mmoja aliyeuza magodoro ya sponji. Lakini siku moja jirani yule, kwa wema wake, alimwambia Kiatu, "Amekwenda sokoni, anarudi mchana, msubiri." Tangu siku hiyo Sindano hakumwamini mtu. Akabuni jambo ambalo mwenye akili timamu hawezi kulibuni ila deni likimfundisha. Alimwacha Kifungo ndani, akafunga mlango kwa nje, akatia kufuli kubwa. Nani atagonga mlango wenye kufuli?

"Jirani, siku hizi huonekani," muuza magodoro alimtania. "Au umepata nyumba ya pili, hii ni ya kuweka kufuli tu?"

"Nimekuwa tajiri, hujasikia?" Sindano akacheka. Nyuma ya mlango mtoto hakucheka. Alikuwa kwenye mchezo.

Siku yenyewe Sindano alitoka na furushi la sare kumi na mbili, azipeleke apate chochote cha kumtuliza mwalimu. Alimwachia Kifungo mkate na maji. "Nani mshindi?"

"Mimi."

"Basi usijibu mtu."

Kufuli likalia. Akaondoka.

Alikuwa anarudi, furushi limekwisha mikononi, alipoona moshi juu ya mapaa. Haukuwa moshi wa jiko. Ulikuwa mweusi, mzito, unapanda kama mtu aliyekasirika. Kwanza aliwahurumia wenye nyumba hiyo. Kisha akalitambua paa.

Alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani.

Waya mbovu ulikuwa umeshika moto chumba cha pili, penye magodoro. Ua ulijaa watu, ndoo na vitanda vilivyotupwa nje. Mbele ya chumba cha tatu palikuwa na ugomvi. Kiatu alikuwa ameshika jiwe, anapiga kufuli, na wapangaji wawili wamemkamata shati.

"Huna haya wewe? Nyumba inaungua, wewe unaingia kubeba cherehani!"

"Kuna mtoto ndani!"

"Kufuli hulioni? Hapo hapana mtu."

"Nimekuja asubuhi nikamsikia anakohoa. Nimekaa pale kioskini toka saa nne nikimsubiri mama yake. Niachieni!"

Sindano akapenya katikati ya watu. "Mwacheni! Mwanangu yumo!"

Ungewaona walivyomtazama. Kufuli likakatika kwa pigo la mwisho. Moshi ukatoka kama ulikuwa ukisubiri kufunguliwa. Kiatu akajifunga leso puani, akaingia ameinama.

"Kifungo! Toka, mtoto! Kifungo!"

Na viatu vyake vikalia sakafuni, kwi, kwi.

Chini ya meza, kati ya magunia, mtoto aliisikia sauti ile aliyofundishwa kuiogopa kuliko zote. Akafanya alichokijua vizuri kuliko kitu chochote duniani. Akanyamaza.

Kiatu akatoka akikohoa, machozi yanamtiririka. "Simwoni. Nimepapasa kitandani. Haitiki."

Ndipo Sindano akaelewa. Alitaka kuita jina la mwanawe, lakini jina lilikuwa limekatazwa, na aliyelikataza ni yeye. Akapiga magoti kizingitini, moto unamchoma uso, akapaza sauti ambayo uani hawajaisahau:

"Mchezo umekwisha! Kifungo, mchezo umekwisha! Umeshinda, mama!"

Kimya. Mbao zikalia darini.

Halafu, upande wa meza, kikohozi kidogo.

Kiatu aliufuata mlio ule kwa magoti, akavuta gunia zima na mtoto akiwa ndani yake, akatoka. Nyuma yao dari ikaanguka juu ya cherehani mbili.

Hospitalini Baridi alikuja, akakaa upande wa pili wa kitanda. Walitazamana juu ya mtoto aliyewekewa mpira wa hewa puani.

"Ulijua hulipi?" Sindano akauliza.

"Nilijua cherehani zitakuuma, utalipa."

"Na mimi nilijua pikipiki itakuuma."

Mtoto alipotoka hospitali walikwenda pamoja kwenye ofisi ya mikopo, wakakaa benchi moja kwa mara ya kwanza tangu kikao kile cha soda. Meneja akafungua faili, akashusha pumzi.

"Deni lenyewe lilibaki dogo. Haya mengine yote ni faini ya kunyamaza. Mngekuja wawili mapema, tungepanga upya."

Pikipiki ikarudishwa ikauzwa. Deni lililobaki wakaligawa mbele ya mdai, si mbele ya mjomba, na kila mmoja akalipa machoni pa mwenzake. Sindano sasa anashona kwenye karakana ya watu, kwa cherehani isiyo yake. Mwenye vitambaa na mwalimu wa sare anawalipa kidogo kidogo, naye huwafungulia mlango.

Kifungo yu hai. Akikimbia, kifua chake hupiga mluzi. Na mlango ukigongwa, hata awe bibi yake aliyekuja na peremende, huingia chini ya meza akaziba mdomo. Hatoki mpaka mama yake atamke lile neno. Wamembembeleza, wamemwapia, wapi. Na iko siku mlango utagongwa, mama hatakuwepo kulitamka.

FUNZO

Enyi mliotengana, sikieni. Ukoo unaweza kugawa masufuria na vitanda, hauwezi kugawa sahihi. Mlilolikopa wawili, mnadaiwa wawili, hata mkilala miji miwili. Kabla ya kugawana vyombo, nendeni kwa mdai mkiwa pamoja. Kama mwenzio humtaki machoni, mtake kwa deni tu, na hiyo si aibu. Aibu ni kumtegea mpaka mwanao alipe.

Mdai akigonga, fungua, hata kama mkono ni mtupu. Mwambie huna, mwambie lini, mwambie kiasi gani. Neno moja la kweli mlangoni humaliza faini za mwaka mzima. Na usimtwike mtoto uongo wako, kwa maana mtoto ni mwanafunzi mwema mno. Utakachomfundisha kwa hofu atakishika hata ndani ya moto.

Deni halina talaka, ndoa ikishavunjika;
Mkiwa mmetengana, bado mmefungamana.