Pazia Jekundu la Waziri

Baada ya swala ya adhuhuri, udhu wake haujakauka, Bachal alisikia mtoto mchanga akilia ndani ya kituo cha wazazi. Kituo kilikuwa kimefungwa. Ufunguo alikuwa nao yeye, shingoni, maana yeye ndiye mlinzi. Na tangu kijengwe, hakuna mtoto aliyewahi kuzaliwa mle.

Jengo lilikwisha zamani, vitanda vikiwa bado na nailoni zake. Lakini serikali ya jimbo haifungui kitu mpaka waziri aje kutoka Karachi, avute kamba, pazia jekundu lidondoke, jiwe lenye jina lake lionekane, apigwe picha. Waziri wa kwanza aliondolewa kabla hajafika. Likaletwa jiwe jingine. Wa pili akahama chama. Jiwe la tatu lilipokuja, mke wa Bachal alikuwa amekwisha kufa, Mungu amrehemu, kwa uchungu wa kuzaa, juu ya mkokoteni wa ng'ombe katikati ya njia ya mjini, na ufunguo uko shingoni mwa mumewe.

Sasa binti yao, Sahiban, alikuwa karibu kujifungua.

Bachal akapiga simu Karachi, kama alivyozoea. Akajibu Iftikhar, msaidizi wa waziri.

"Waziri yuko kikaoni, mzee. Piga kesho."

"Bwana mkubwa, nifungue hata chumba kimoja. Ni mwanangu."

"Ufungue wewe? Umekuwa waziri lini?" Iftikhar akacheka. "Gusa hilo pazia uone kama una kazi."

Kesho yake madirisha yalitoa harufu ya maziwa yaliyochacha na nywele zilizoungua. Bachal akachungulia. Kitanda kimoja kilikuwa kimevuliwa nailoni. Godoro lilikuwa limebonyea kama la mtu aliyelala, na alipokuwa akilitazama, likabonyea zaidi.

Ijumaa Sahiban akashikwa na uchungu. Mai Bakhtawar, mkunga, akampapasa tumbo.

"Mtoto ametanguliza matako. Hapa sakafuni, gizani, simwezi. Nipe kitanda na maji safi."

Wakambeba mpaka kituoni. Ufunguo ukazunguka, lakini mlango haukusogea, Bachal akausukuma kwa bega, akausukuma tena huku bintiye akiguna kibarazani, na ile harufu ikipenya chini ya mlango na kumjaa kooni, mpaka akahisi upande wa pili kuna bega jingine linalomsukuma yeye, bila haraka, na sauti ya Iftikhar, ile ile ya kwenye simu, ikasema karibu kabisa na sikio lake:

"Waziri yuko kikaoni. Njoo kesho."

Mai Bakhtawar akamshika mkono. "Ni majini hao," akanong'ona. "Nyumba mmeiacha tupu, hakuna aliyeiingia kwa jina la Mungu. Unadhani wangeikosa? Ng'oa hilo pazia, tuingie kama wenyewe."

"Mai, pazia lile..."

"Unaogopa jini au unaogopa waziri?"

"Waziri," alisema Bachal, kweli tupu.

"Baba!" Sahiban akapiga kelele, kwa sauti ya mama yake siku ile mkokotenini.

Bachal akalishika pazia, lililofunika jiwe kando ya mlango, kwa mikono miwili huku akisoma Ayatul Kursi, akavuta, nalo likavutwa kutoka nyuma, ambako hakukuwa na kitu ila jiwe na ukuta, akazidi kusoma na kuvuta, machozi yakimtoka, mpaka kitambaa kikachanika na upepo wa moto ukatoka mlangoni ukampita usoni, na ndani yake kilio cha kichanga kikienda mbali mashambani.

Mlango ukafunguka wenyewe. Kabla ya alasiri Sahiban alizaa mtoto wa kike, mzima, alhamdulillahi.

Jumatatu akafika Iftikhar na askari mmoja na pazia jipya. Kibarazani walikuwa wamekaa wanawake wajawazito. Akawafukuza, wakasogea uani tu, wakasimama.

"Waziri hajaja, kituo hakijafunguliwa. Hamwelewi? Na wewe mzee, lete ufunguo. Huna kazi."

Bachal akauvua shingoni. "Bwana, usiufunge mlango. Nakuomba."

"Nitafungua wakati wake."

Akatundika pazia, akafunga mlango. Alikuwa hajauchomoa ufunguo.

"Nani huyo?" sauti yake mwenyewe ikauliza kutoka ndani. "Waziri yuko kikaoni. Njoo kesho."

Wanawake wote wakamtazama Iftikhar mdomoni. Ulikuwa umefumba.

Kisha mtoto akaanza kulia mle ndani.