Nyota Iliyomfuta Keza

Novatus alimkuta Keza gulioni Rulenge, wote wawili wameushika mkungu mmoja wa ndizi.

"Kaka, achia. Ndizi zangu hizo."

"Chukua basi, na mbebaji juu."

Keza akacheka, na Novatus akawa hana dawa tena. Yeye alikuwa fundi kompyuta wa ushirika wa kahawa, Biharamulo. Keza karani wa ushirika huohuo, Rulenge. Mapenzi yakalelewa na simu. Hata akaunti za kujaribia mfumo mpya Novatus aliziita keza1, keza2, mpaka keza9. Mwanaume akipenda, mashine nazo hupata habari.

Alhamisi akazifuta kwa amri moja iliyokwenda kwenye seva za ofisi zote mbili: keza, kisha alama ya nyota, yaani "na chochote kinachofuata". Seva ya Biharamulo ikafuta zenye namba tu. Ya Rulenge haikubagua, ikamfagia na Keza mwenyewe, ambaye akaunti yake ya kazi iliitwa keza tupu. Kioo cha kompyuta ya Novatus kikamwambia: imefanikiwa.

Kioo cha Keza, foleni ya wakulima ikimtazama, kikasema: "Keza amefutwa na Novatus."

Na jana yake tu, kwenye simu, Novatus alikuwa amemtania: "Ukiendelea kununa nitakufuta, ujue."

Ukaja ujumbe mmoja. "Nimemwambia baba wageni wa Jumapili wasije." Baada ya hapo simu ikazimwa. Posa ikawa inamfia Novatus mikononi. Alipiga mara arobaini, akakodi pikipiki, akafika Rulenge kalowa mvua mpaka soksi.

Keza alikuwa mizanini, kitenge cha manjano, macho yamevimba.

"Umefuata nini? Nilishafutwa."

"Keza wangu, nisikilize. Ni nyota. Kule ilielewa hivi, huku vile."

"Kwa hiyo nyota ndiyo mkosaji."

Novatus akatikisa kichwa. "Hapana. Mkosaji ni mimi. Nilifupisha jina lako."

"Liandike lote, basi."

Akapiga magoti kwenye tope, akachukua kalamu ya kuandikia magunia. Akaandika juu ya gunia tupu: KEZA NIYONKULU.

Keza akalisoma gunia. Bega likaanza kumcheza kwa kicheko alichokikataa.

"Mimi Niyonkuru, wewe. Ukoo mzima umeuharibu." Akaiwasha simu. "Baba, shikamoo. Wale wageni waje. Kuna mmoja ana kosa la kusahihisha mbele yako."