Niliondoa Ngazi, Fundi Akiwa Juu ya Bati

"Umempa nini yule?!"

"Baba Brayson, shusha sauti, majirani..."

"Nauliza umempa nini, Verediana!"

"Si unisikilize basi..."

"Umemfungia na kitenge! Kitenge nilichokununulia mimi!"

Tunaropoka wote kwa pamoja, hakuna anayemsikia mwenzake. Saa nne asubuhi, nyuma ya nyumba yetu hapa Ipogolo.

Na huyo ninayemsema yuko juu ya bati letu, anakagua misumari, anapiga mluzi!

Jamani, ngoja niwape mkasa...

Mvua za mwaka huu zilitunyoosha. Mke wangu akamwita fundi Lugano, jamaa wa Mbeya aliyehamia hapa mtaani, aikague nyumba kwa nje.

Sawa. Lakini ukaguzi gani wa siku tatu?!

Jumatatu kazunguka kuta. Jumanne kachungulia fishabodi, zile mbao za ukingo wa paa, akapiga picha. Leo Jumatano kawekewa chai na viazi vitamu. Mimi mwenye nyumba chai najimiminia mwenyewe!

Kilichoniuma zaidi, msomi wa nyumba hii ni mimi. Uinjinia wa ujenzi, miaka miwili chuo, mpaka utani wangu mmoja kwa mhadhiri ukanirudisha nyumbani. Gata la maji ya mvua nimefunga kwa mikono hii! Halafu anaitwa mtu wa nje?

Asubuhi hiyo nikamuona Verediana anampa kifurushi kilichofungwa kwa kitenge. Jamaa kakipokea kwa mikono miwili, kakisukumia ndani ya koti, kapanda juu.

Nikaondoa ngazi.

"Kaka... ngazi iko wapi?"

"Imeenda Mlandege kusalimia!"

"Kaka acha masihara, bati linateleza!"

"Sema ulichopewa, itarudi!"

Akachuchumaa, akashika ukingo wa bati.

"Basi nikwambie nilichokiona huku," akasema. "Hili gata limelalia upande siyo. Maji hayaendi kwenye tanki, yanarudi nyuma, yanapiga ukuta. Ndo maana plasta inabanduka, ukuta una ufa na msingi unaliwa. Hivi alilifunga nani?"

Nikamgeukia mke wangu. Akaangalia chini.

"Nilijua tangu mwaka jana," akasema. "Sikutaka uumie. Unavyolisifia kwa wageni..."

Weee!

"Na... na kitenge?"

"Madaftari yako ya sekondari, ya hesabu. Yanaloa tu kule stoo. Fundi kasema ana mtoto anasoma."

Wenzangu, wivu ukikupanda, zunguka kwanza nyumba yako. Mimi kitenge nilikiona kwa mbali, ufa wa ukuta wangu napita kando yake kila siku sijauona.

Nikarudisha ngazi.

Lugano akashuka taratibu. Nikajikinga uso, najua ngumi inakuja na ni haki yangu.

Haikuja. Akatoa kifurushi, akakifungua. Daftari la juu limeandikwa jina langu kwa mbwembwe: INJINIA SOSTHENES KALINGA.

"Shemeji, nisamehe," akamwambia mke wangu. "Mimi sina mtoto."

Verediana akashika mdomo.

"Haya niliyaomba niyasome mwenyewe. Fomu foo nilifeli, hesabu ndo ilinimaliza. Kaka, kila nikipita hapa nakuonea wivu. Nasema huyu mwenzangu chuo alikigusa, mimi hata mlango sikuuona..."

Akaniwekea daftari mkononi.

"Gata nakunyooshea bure. Ila naomba unifundishe hesabu, nataka kurudia mtihani."